Fenesi la Varadan

Kumbakonam
20 Novemba 1978

Kumudam,

Karela? Karela, wewe mtoto? Umepanda treni na mumeo na mama mkwe wako, mmefika Gaya, mahali ambapo watu wanakusanya nauli umri wao wote na wanakufa hawajapaona. Umekaa chini ya ule mti mkongwe. Kuhani amekuuliza ni mboga gani au tunda gani unalolipenda utamwachia Mungu, usile tena mpaka siku ya kufa, nawe ukamjibu karela! Ulikuwa na miaka minne ulipomtemea babu yako karela, kwa uchungu wake, kwenye shati jeupe la sikukuu. Mpaka unaolewa ulikuwa ukisikia harufu yake jikoni unazunguka mlango wa nyuma. Sasa ndiyo umemwachia Mungu, na barua umeniandikia unajisifu! Mungu ni yule mchuuzi wa sufuria, unampa sari iliyochanika naye anakupa chombo kipya na kukushukuru?

Haya. Salamu sasa, maana mama yako anachungulia begani na kusema hata mbwa hasalimiwi hivi. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mpaka mto umepanda ngazi za kuogea, na uchochoro wetu wote ni tope. Mama yako Komalam anakohoa kidogo, namchemshia tangawizi, anaimwaga nikigeuka, anafikiri sioni. Alamelu wa jirani paa lake linavuja, amehamia kibarazani kwetu na redio yake. Macho yangu ni mazima. Kama mtu amekuandikia kwamba macho yangu si mazima, mwambie ashughulike na yake.

Kitu cha kuacha Gaya ni kile kinachouma. Babu yako Raghavan alipokwenda aliacha embe, naye alikuwa mtu wa kula embe na ganda lake. Baada ya hapo kila msimu alikaa nasi hapo hapo ukumbini, akatumenyea yeye mwenyewe, mikono inamnata mpaka kwenye kiwiko, hata kuramba vidole harambi. Mwaka mmoja nikamuuliza, "Wewe mzee, husikii uchungu?" Akaniambia, "Veda, kila nikimenya embe namkumbuka Mungu. Wewe ukila, unamkumbuka?" Nikamjibu, "Mimi nikila namkumbuka mwenye mti." Akacheka mpaka akapaliwa. Lakini hakula. Alikufa hajala.

Kuna neno jingine. Najua mambo ya Gaya, babu yako alinieleza yote. Mkishamaliza madonge ya wali ya wazee wenu waliokufa, kuhani husema sasa iteni na wengine, rafiki, mtumishi, mnyama aliyewalisha, aliyefia mbali, yeyote asiye na wa kumkumbuka. Wewe umeandika hivi: "Tukamwita babu, tukamwita Lakshmi ng'ombe wetu, halafu tukakimbilia treni." Vizuri kumkumbuka Lakshmi, maziwa yake ndiyo mifupa yako. Lakini kati ya ng'ombe na treni pana shimo. Nimeisoma barua mara nyingi na shimo liko palepale. Donge la mwisho lilikuwa la nani?

Usije ukawa umefanya upumbavu. Baba yako hayumo katika waliokufa. Varadan alikwenda Calcutta kutafuta kazi wewe ukiwa msichana wa miaka kumi na sita, akaandika barua tatu, akanyamaza. Mtu kunyamaza si mtu kufa. Nijibu hilo, mengine yaache.

Karatasi hii ya posta imekwisha, naandika pembeni. Achari ya limau inakuja kwa mkono wa mtoto wa Alamelu.

Bibi yako,
Vedavalli


Jamshedpur
9 Desemba 1978

Bibi yangu mpendwa,

Nainama miguuni pako, ingawa najua ukiniona nimeinama utasema nimeinama vibaya.

Achari imefika salama, chupa haikuvuja. Sampath alikula na wali wa maziwa siku tatu mfululizo, akasema mke alipewa na Mama lakini furaha alipewa na Bibi Vedavalli. Godha meno mawili ya mbele yameng'oka, sasa akiimba nyimbo ulizomfundisha kila jina la Mungu linapita na upepo. Baridi imeanza. Moshi wa viwandani unakaa juu ya mji kama mfuniko, nguo nyeupe zikianikwa asubuhi jioni ni za kijivu. Nawakumbuka ninyi wawili kila nikianika, kwa sababu huko nyumbani jua ni bure na watu hawajui.

Kuhusu karela umenipiga sawasawa. Lakini Bibi, usinichape peke yangu. Mama mkwe wangu aliacha tofaa. Tofaa! Hajapata kulinunua tangu azaliwe, anasema ni tunda la wagonjwa wenye pesa. Mzee aliyekuwa mbele yetu aliacha boga, na mkewe akamwambia mbele ya watu wote, "Muongo wewe, sema ukweli, acha biringani." Wakagombana hapo hapo mbele ya kuhani. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana. Neno la kwanza lililonijia mdomoni ndilo nililosema.

Mama anakohoa mpaka lini? Mpeleke kwa daktari, usimtibu na tangawizi tu. Mwambie nimepata ule uzi wa kijani alioutaka.

Habari ya donge la mwisho tutazungumza nikija. Si jambo la karatasi.

Mfenesi umeshaanza kuchanua?

Mjukuu wako,
Kumudam


Kumbakonam
4 Januari 1979

Kumudam,

Nimekuuliza swali moja. Umenijibu habari ya moshi, nyuzi, meno na biringani ya watu nisiowajua. Hivi nilikulea mimi, au ulilelewa na mawakili?

Tuko wazima. Huu ni mwezi wa baridi, unajua mambo yake. Tunaamka kabla ya kunguru, tunaoga maji yanayouma kama sindano, tunakwenda hekaluni kumwimbia Perumal, Mungu wetu, aamke, kisha tunapewa wali wa samli na pilipili manga ukiwa moto kwenye kipande cha jani la mgomba. Mama yako anakwenda nami. Tunashikana mikono, si kwa sababu ya macho yangu, ni kwa sababu ya tope. Kikohozi kimepungua. Ilikuwa tangawizi.

Mwaka huu msimuliaji wa hekaluni ni kijana mwenye sauti ya tarumbeta, lakini anasema vizuri. Juzi alieleza tena habari ya nyani na paka. Unaikumbuka, nilikuwa nakusimulia ukikataa kulala. Mtoto wa nyani humng'ang'ania mama yake tumboni kwa mikono yake mwenyewe, mama anaruka tawi hadi tawi, mtoto akilegea anaanguka. Mtoto wa paka hashiki kitu. Anakaa palepale analia nyau, mama anakuja, anamng'ata shingoni, anambeba. Sisi watu wa hapa ni watoto wa paka. Hatumshiki Mungu, tunashikwa. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma, maana jambo hilo nalijua tangu sijaolewa, na wanawake wa nyuma yangu wakasema, "Mwangalieni Vedavalli, yeye ndiye mwenye paka." Nikawaambia naam, ndiye mimi, na ninyi ni panya.

Mfenesi umechanua. Umebeba vizuri, shina zima. Fenesi la kwanza liko chini kabisa karibu na kisima, ndilo la baba yako kama siku zote. Mwaka jana nililiweka pembeni mwa ghala mpaka likapasuka, likanuka nyumba nzima, nzi wakafanya harusi. Mama yako akalichukua akalizika. Mwaka huu litawekwa vilevile. Akitokea mlangoni na njaa aambiwe nini, kwamba mimi mama yake nimelila?

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Rangachari, kuhani wetu wa nyumbani, alikuja na tumbo lake, akanywa kahawa yangu, akaanza kusema miaka kumi na miwili ya kutosikika imepita zamani. Sheria inaruhusu, anasema, tusuke mtu wa nyasi, tumchome mahali pa maiti, tumfanyie Varadan matanga, nyumba ipumzike. Na Komalam je? Komalam avuliwe mkufu wa ndoa, afutwe doa jekundu kipajini, avae ya ujane kama mimi. Nilimfukuza na upawa wa mchuzi. Kahawa hakuimaliza. Mama yako alikuwa jikoni, alisikia yote, alikuwa anapepeta mchele na hakuacha kupepeta.

Kwa hiyo ndiyo maana nakuuliza. Ukiwa ulimtaja baba yako Gaya katika wafu, umemfanyia mama yako kile Rangachari alichoshindwa, tena kwa siri, tena mbali, kama mwizi. Kama umefanya hivyo usije mwaka huu. Sitaki kukuona ukiingia kwa mlango ambao baba yako hajaingia.

Nijibu kwa neno moja. Ulimtaja, hukumtaja.

Vedavalli


Jamshedpur
21 Februari 1979

Bibi yangu,

Nainama miguuni pako na pa Mama.

Najua nimechelewa. Godha alikuwa na tetekuwanga na baada yake Sampath naye, mtu mzima na madoa mwili mzima, analia kuliko mtoto. Sasa wamepona, namshukuru Mungu. Lakini sitasema nilichelewa kwa ajili yao. Niliandika barua hii mara nyingi na nikawashia nayo moto wa chai.

Umetaka neno moja. Sina neno moja, ninayo haya.

Tulipomaliza kwa babu na wazee wa Sampath, tukamwita Lakshmi, lilibaki donge moja kwenye sinia la majani. Kuhani alikuwa mzee asiye na meno, ametukimbiza tangu asubuhi kama anatupandisha basi. Akauliza, "Yupo mwingine? Semeni upesi." Sampath akaniangalia. Alijua. Tangu tuliposhuka kwenye treni nilikuwa simsemeshi mtu.

Nikasema, "Yupo mmoja, ila sijui niseme yuko upande gani."

Mama mkwe akanivuta sari, "Ewe Kumudam, usilete balaa hapa!"

Yule mzee akaacha haraka yake. Akaniuliza ni nani kwangu. Nikamwambia ni baba. Akauliza ni muda gani. Nikamwambia. Akapangusa mikono kwenye kitambaa chake, akasema, "Dada, basi jina usinipe mimi. Mimi nina orodha mbili tu, ya wafu na ya wazima. Mpe Yeye mwenyewe mkononi. Wewe ndiye umempoteza baba yako, Yeye hajampoteza."

Nikalichukua donge. Sikumtaja katika wafu, Bibi. Sikumtaja katika wazima pia. Nilisema kimoyomoyo: Bwana, huyu ni Varadan, wa Raghavan na Vedavalli. Alikuwa wako kabla hajawa wetu. Kama unaye duniani, mlishe. Kama unaye huko kwako, mlishe. Sitakuuliza tena. Nikaliweka. Mikono ikawa mitupu, na tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita sijapata kuisikia mitupu namna ile.

Unajua nilivyokuwa, au labda hujui. Kila mwanamume wa umri wake nikimwona kwa nyuma, kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwenye behewa, nilikuwa namzunguka mbele nimwone uso. Sampath alishazoea, alikuwa anasimama ananingoja. Nimekuwa nawazunguka wanaume wa India nzima.

Tulipotoka pale ndipo tukafika kwenye ule mti, na kuhani mwingine akaniuliza naacha mboga gani. Bibi, nilikuwa nimeshaacha. Sikubakiwa na kitu mkononi cha kumpa. Karela ilitoka mdomoni kwa sababu hakukuwa na kingine. Unaruhusiwa kunichapa kwa hilo, lakini nimekueleza.

Simwambii Mama afanye lolote. Sisemi Rangachari afanye lolote. Ukisema nisije sitakuja.

Kumudam


Jamshedpur
2 Aprili 1979

Bibi,

Sijapata barua. Nimemuuliza mpeleka barua mpaka sasa akiniona anavuka barabara.

Nawasalimu, wewe na Mama. Sisi wazima. Godha anauliza fenesi.

Nilikuwa nafikiri jambo baya kuliko yote ni wewe kunigombeza. Kumbe. Niandikie hata matusi, nitabandika ukutani na kushukuru.

Kumudam


Kumbakonam
1 Mei 1979

Kumudam,

Usibandike kitu ukutani, utaharibu chokaa ya watu.

Salamu kwanza, kwa utaratibu, ili mama yako asichungulie. Tuko wazima. Joto limeanza, mto umebaki uzi, watoto wanacheza mpira katikati yake. Alamelu amerudi kwake, paa limeezekwa, redio bado naisikia. Macho yangu si mazima. Jicho la kushoto limeingia ukungu, mama yako ndiye anayeshika karatasi isiteleze nikiandika. Nimekwambia, sasa usinisumbue nalo.

Barua yako ya Februari niliisoma, nikaikunja, nikaitia kwenye pipa la mchele, chini kabisa. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na maneno yanayofaa kuandikwa na mwanamke wa umri wangu. Nilisema: huyu mtoto amemgawa mwanangu. Nani kampa ruhusa? Nilimbeba mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikazaa chumba kile cha nyuma, mvua ya Novemba, mkunga amechelewa. Ati "alikuwa wako kabla hajawa wetu"! Nikamwendea Perumal mwenyewe kumshitaki.

Unakumbuka hekaluni mwishoni mwa ibada kuhani anavyopita na ile kofia ya fedha yenye nyayo za Perumal juu yake, anamgusisha kila mtu kichwani, mtu anainama anazipokea nyayo. Siku hiyo alipofika kwangu sikuinama. Nikasimama wima kama mlingoti. Kuhani ni kijana mfupi, akasema, "Bibi, shuka kidogo, sikufikii." Nikamwambia leo shingo inauma. Kesho yake nikamwambia inauma. Shingo iliuma mwezi mzima na zaidi. Wanawake wa nyuma yangu wakaanza kuniletea mafuta ya kuchua. Mama yako alisimama kando yangu kila siku, akainama, akapokea, akaninyooshea mkono turudi. Hakuniuliza shingo ina nini.

Jumamosi iliyopita Komalam aliniambia fenesi la kwanza linataka kushuka, kikonyo chake kimelegea. Tukatoka. Nililipapasa kwa mikono, maana kuona sioni vizuri. Kubwa kweli, limekaa kama mtoto aliyelala, miiba yake imeshalainika. Nikalikumbatia. Mama yako akasema, "Mama, liachie, nimeshalishika kwa chini." Nikasema sawa. Sikuliachia. Akasema tena, "Mama, ninalo." Nikasema sawa, nimesikia. Mikono haikutoka, Kumudam. Nimelikumbatia na kikonyo kimekatika nusu na utomvu unanitiririkia kifuani, mama yako amechuchumaa chini yake amelibeba uzito wote, mimi bado nimeng'ang'ania. Ndipo akacheka. Komalam, ambaye sijamsikia akicheka kwa sauti tangu redio ya Alamelu ilipoanguka kisimani. Akasema, "Mama, na wewe ndiye mwenye paka!"

Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa kisima.

Nilikaa mpaka jua likanihamisha. Miaka yote hii wakisimulia nyani na paka nilikuwa natikisa kichwa mstari wa mbele, na kumbe nyani ndiye mimi. Sikumng'ang'ania hata Mungu. Nilimng'ang'ania Varadan, nikafikiri nikilegeza kidole kimoja ataanguka. Nani alikuwa anamshika kabla sijamzaa? Nani alimshika alipokuwa kwenye treni ile, mimi niko hapa nakanda unga? Nilikuwa nikimwambia Mungu kila siku "yote ni yako", moyoni nasema isipokuwa huyu.

Nikamuuliza mama yako jambo ambalo sikupata kumuuliza. Nikasema, "Komalam, Rangachari alipokuwa anasema yale, wewe ulitaka nini?" Akafuta utomvu mikononi kwanza, unajua alivyo. Akasema, "Doa hili, Mama, sijalipaka kwa ajili ya Varadan siku nyingi. Nampakia Yule asiyekwenda Calcutta." Kisha akasema, "Rangachari na aje na nyasi zake au asije. Mume wangu huyu haondoki kwa nyasi." Akainuka kwenda kuchemsha maziwa.

Na mimi miaka yote nilifikiri namlinda yeye! Nimekaa nyumba moja na mtakatifu, namgombeza juu ya tangawizi.

Jioni ile tulikwenda hekaluni. Kuhani alipofika niliinama mpaka karibu nianguke. Akasema, "Bibi, shingo imepona?" Nikamwambia, "Imepona, weka uzito." Akanicheka lakini akaweka. Fedha ni ya baridi, hata wakati wa joto. Nikasema maneno yako, yale yale, maana yangu sikuwa nayo. Wa Raghavan na Vedavalli. Mlishe. Sitakuuliza tena. Tulipewa maji ya mrehani viganjani, nikanywa, nikajipaka kichwani yaliyobaki, na nikashukuru. Nashukuru alinipa mtoto yule, nikamwona mpaka ana mvi masikioni. Nashukuru alipoondoka aliniachia Komalam, anayenivumilia kama binti wa tumbo langu asingeweza. Nashukuru nilikulea wewe. Nilitaka kushukuru kwa ajili ya Rangachari pia ila nikaona tusizidishe.

Nyumbani hatukubadili kitu. Mkufu wa mama yako uko shingoni, doa liko kipajini. Hakuna nyasi itakayochomwa. Mlango haufungwi mapema wala hauachwi wazi kwa kusubiri, unafungwa wakati wa kufungwa milango.

Karela: maneno yangu ya Novemba nayarudisha nusu. Nusu nyingine kaa nayo, itakusaidia. Lakini kiapo ni kiapo, na mama yako leo amekaanga karela na nazi, nyembamba, imekauka vizuri inalia mdomoni, na wewe hutaionja mpaka ufe. Hilo ndilo pigo lako.

Mimi sitafika Gaya na macho haya. Nimeacha hapahapa, mbele ya kofia ile. Nimeacha fenesi. Nawe unajua ninavyolipenda, tena la mti ule. Sitalila tena. Lile tulilolishusha limeliwa jana, wamekula Alamelu na wanawe na wanawake wa nyuma yangu hekaluni, nami ndiye niliyelipasua, mafuta ya nazi ya kuzuia utomvu mpaka kwenye viwiko. Harufu ilikuwa kichwani. Sikuramba kidole. Sasa namwelewa mzee wa maembe, na ningependa kumwambia lakini amenitangulia.

Liko la pili juu, kubwa kuliko la kwanza, litaiva wiki tatu zijazo. Shule ya Godha imefungwa, usiniambie haijafungwa, nimemuuliza mtoto wa Alamelu. Sampath kama hana likizo abaki apike mwenyewe, tetekuwanga imeshamfundisha kulala kitandani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kata tikiti kesho. Mlete Godha. Ingia kwa mlango wa mbele, usizunguke nyuma kama wakati wa karela. Nitawapasulia mimi, mtakaa ukumbini mbele yangu, wewe na mama yako na mtoto, na mtakula fenesi lile lote mpaka kipande cha mwisho. Asibakiziwe mtu.

Bibi yako,
Vedavalli